Muulize Mama Fundi: Printa iliyopotea ikiwa palepale mezani

Kwa kawaida nachanganya barua za kila aina, simu iliyoingia maji leo, spika inayokoroma kesho. Safari hii zote zimeangukia shimo moja, la jinsi vifaa vinavyotafutana kwenye mtandao, kwa hiyo nazijibu kwa mkupuo. Ya Nkuhungu, hapa Dodoma, nimeipa nafasi kubwa kwa sababu niliifuata mwenyewe, na kwa sababu nyingine nitakayoisema.

*Mama Fundi, shikamoo. Nina steshenari Nkuhungu, karibu na shule. Kompyuta mbili, printa moja, ruta moja ya laini. Kila umeme ukikatika na kurudi, printa inapotea. Iko mezani, taa inawaka, lakini kompyuta inasema haipo. Nikizima na kuwasha mara mbili tatu inarudi, siku nyingine hairudi mpaka jioni. Fundi mmoja kaniambia printa imechoka, ninunue nyingine. Huu ni msimu wa fomu za shule, wateja wanaondoka nawaona. Nifanyeje? – Mwenye steshenari, Nkuhungu*

Marahaba, mwanangu. Usinunue printa. Huyo fundi mwambie achangie nusu ya bei, halafu msikilize kama ushauri wake ni uleule.

Kwanza nikueleze kinachotokea, maana ukikielewa hutaniita tena. Kila kifaa dukani kwako kina anwani mbili. Moja ni anwani ya IP, kwa mfano 192.168.1.20. Hiyo ni ya kupewa: ama ruta inaigawa, ama mtu anaiandika kwa mkono. Ya pili ni anwani ya MAC, ambayo kiwanda kiliiweka kwenye kadi ya mtandao. Ni biti 48, zinaandikwa kwa tarakimu 12 zilizopangwa mbilimbili, kuanzia 0 mpaka 9 na herufi a mpaka f. Sita za mwanzo kiwanda kimepewa na IEEE, chama cha wahandisi chenye makao Marekani. Sita za mwisho kiwanda kinajigawia chenyewe, kifaa kwa kifaa.

Programu unayochapia inaijua IP tu. Lakini waya na waifai havipeleki mzigo kwa IP, vinapeleka kwa MAC. Kwa hiyo kabla karatasi haijasogea, kompyuta inapaswa kujua: huyu mwenye .20, MAC yake ipi? Haina daftari la kuangalia. Inaita.

Nenda stendi ya Nanenane wakati mabasi ya Dar yanaingia. Konda anasimama mlangoni na kiroba cha mtu, anasoma jina lililoandikwa kwa maka peni, anapaza sauti: "Mama Rehema wa Kondoa! Mama Rehema wa Kondoa!" Stendi nzima inasikia. Wauza karanga wanasikia, bodaboda wanasikia, kila mtu anaendelea na lake. Mmoja anajitokeza: "Mimi hapa." Anakabidhiwa kiroba. Konda hajamwomba kitambulisho.

Kompyuta zinafanya hivyohivyo, na utaratibu wenyewe unaitwa ARP. Uliandikwa na David Plummer Novemba 1982, kwenye waraka unaojulikana kama RFC 826, na mpaka leo ndio unaoendesha duka lako. Kompyuta inatuma ujumbe mdogo wa baiti 28 kwenda kwenye MAC ambayo ni f kumi na mbili mfululizo. F hizo maana yake ni "kila mmoja aliyepo". Ndani ya ujumbe inasema: mimi ni 192.168.1.10, MAC yangu hii hapa, namtafuta mwenye 192.168.1.20. Vifaa vyote vinapokea. Mwenye .20 anajibu, na yeye hapigi kelele, anamjibu aliyeuliza peke yake. Kompyuta inaandika jibu kwenye jedwali lake ili isiite kila dakika. Windows za siku hizi huliamini jibu hilo kwa sekunde 15 mpaka 45, kisha zikimhitaji tena mhusika zinahakikisha.

Umeona tatizo liko wapi? Aliyesema "mimi hapa" ndiye aliyepewa. Wakisema wawili, inakuwa vurugu.

Nilipofika dukani kwako Jumatano umeme ulikuwa umerudi kama robo saa hivi, na printa ilikuwa "imepotea", vizuri sana kwangu. Nikakaa kwenye kompyuta ya dirishani, nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaandika arp -a. Hiyo ndiyo amri ya kuliona jedwali lenyewe. Mstari wa 192.168.1.20 ulikuwa na MAC inayoanza da-31. Kisha nikaichapisha karatasi ya taarifa za printa, ile inayotoka ukishikilia kitufe bila kompyuta yoyote. Karatasi ikasema IP ni 192.168.1.20, sawasawa, lakini MAC inaanza 00. Basi. Kompyuta ilikuwa inapeleka fomu zako kwa mtu mwingine.

Na nilijua ni simu kabla sijaiona. Angalia tarakimu ya pili ya MAC: ikiwa 2, 6, a au e, anwani hiyo haikutoka kiwandani, kifaa kimejitungia. Simu za sasa ndivyo zilivyo. Nikauliza kwa sauti, kama konda, nani ameunganisha simu kwenye waifai ya hapa. Kijana mmoja mwenye sare akanyoosha mkono kana kwamba yuko darasani. Nikamwomba azime waifai. Nikafuta jedwali kwa arp -d, ambayo inataka dirisha lifunguliwe kwa ruhusa ya msimamizi, nikatuma ukurasa mmoja wa majaribio. Printa ikakoroma, ikatema fomu tatu zilizokwama tangu asubuhi, ndipo ikatoa na ukurasa wangu.

Ilivyofikia hapo ni hivi. Aliyekuwekea printa aliipa .20 kwa mkono. Wazo zuri, printa isihamehame. Ila hakuiambia ruta, na ruta yako ilikuwa inagawa kuanzia .2 mpaka .254, yaani .20 imo humohumo ndani ya ghala lake. Umeme ukikatika, ruta ya bei ile inasahau yote iliyogawa. Unaporudi, ruta inaamka kwanza; printa inachukua karibu dakika nzima kujipasha. Wakati huohuo wateja wanaosubiri fotokopi, ambao nenosiri umewabandikia ukutani mwenyewe, simu zao zinaomba anwani. Ruta inaanza kugawa upya. Hata ile ruta yenye busara ya kuuliza kwanza "kuna mwenye .20?" haitapata jibu, kwa sababu printa bado inajinyoosha. Simu inapewa. Printa ikiamka inasema nayo ni .20, na wote wawili wanajibu wakiitwa. Mara nyingi jibu lililofika mwisho ndilo linalobaki kwenye jedwali, ndiyo maana ukiizima na kuiwasha mara inashinda, mara inashindwa. Na jioni inarudi yenyewe kwa sababu wanafunzi wamekwenda kwao.

Vifaa vyenye malezi mema vinaizuia ajali hii. Mwaka 2008 ulitoka waraka mwingine, RFC 5227, unaotaka kifaa kiite kwanza kabla hakijaanza kutumia anwani: "kuna mwenye .20?", huku sehemu ya anwani yake mwenyewe kikiiacha sufuri tupu ili kisichafue majedwali ya wenzake. Akijitokeza mtu, kinaachia. Printa yako imezaliwa bila adabu hiyo, na si kosa lako.

Dawa niliyokuwekea: ruta sasa inagawa kuanzia .100 mpaka .200 tu. Printa imebaki .20, nje ya ghala. Njia nyingine ingekuwa kuiandikisha MAC ya printa kwenye ruta ili .20 asipewe mwingine yeyote. Nayo ni nzuri, lakini siku ukibadilisha ruta utasahau. Malipo yangu ya kunitolea nakala 40 za kadi za mchango wa harusi nimeyapokea, hatudaiani. Nenosiri la ukutani libandue.

*Mama Fundi, shikamoo. Nasoma chuo, napanga Ng'ong'onha. Tumefundishwa kwamba kila kompyuta ina MAC. Nimefungua tovuti ya chuo kimoja cha Marekani, nikaandika arp -a nione MAC ya seva yao. Naona ruta na laptopu ya mwenzangu tu. Seva yao haina MAC? – Mwanafunzi*

Marahaba. Inayo, lakini huioni, na wala kompyuta yako haikuiuliza. Sauti ya konda inaishia kwenye ukuta wa stendi. Hawezi kusimama Nanenane akamwita mtu aliyeko Singida. Kiroba cha Singida kinapelekwa kwa mtu wa dirishani, yeye ndiye anajua kipande basi gani.

Kabla ya kuita, kompyuta yako inaitazama IP ya hiyo seva na kuilinganisha na yake kwa kutumia kinyago cha mtandao, hapo kwenu bila shaka 255.255.255.0. Namba tatu za mwanzo zikifanana, huyo ni jirani, anaitwa kwa jina. Zisipofanana, kompyuta inaita jina moja tu: la ruta. Mzigo unaondoka na IP ya seva ya Marekani juu yake, lakini MAC iliyoandikwa ni ya ruta. Ruta inaivua MAC hiyo na kuivisha ya kituo kinachofuata, na kila kituo njiani kinafanya vivyo. MAC yako haijavuka hata ukuta wa nyumba unayopanga. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba tovuti ya ng'ambo "imeisoma MAC" yako kupitia mtandao, muulize imefikaje huko.

Na mkiwa wengi kwenye waifai moja lakini jedwali likakuonyesha ruta peke yake, pengine mwenye nyumba amewasha kizuizi cha wateja kuonana. Mwache, amefanya vizuri. Barua ya Makulu hapa chini itakuonyesha sababu.

*Habari Mama Fundi. Tulibadilisha ruta ya chama chetu cha akiba na mikopo, tukaweka mpya kwa mipangilio ileile na anwani ileile. Ndani kompyuta zinaonana, nje hakuna kitu. Tuliporudisha ya zamani, intaneti ikarudi papo hapo. Ruta mpya ni mbovu? – Katibu, Mpwapwa*

Si mbovu. Nacheka kidogo, nisamehe, maana nimekumbuka aibu yangu.

Kuna ofisi moja hapa mjini, siitaji, nilikwenda kubadilisha ruta saa tano asubuhi. Kazi ya dakika kumi, nikawaambia. Hali ikawa kama yenu. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha waya wa pili. Nikaisoma mipangilio kwa sauti mbele ya bosi wao, herufi kwa herufi, yote sawa. Nikaletewa chai na chapati, nikala kwa aibu. Saa tisa alasiri, mikono yangu ikiwa mfukoni, intaneti ikaja yenyewe. Bosi akanipongeza! Sikumwambia kitu.

Nyumbani nikahesabu: ni muda wa saa nne kamili. Kifaa cha upande wa pili, cha mtoa huduma, kilikuwa na jedwali lake la ARP, na humo ile IP yetu iliandikwa pamoja na MAC ya ruta ya zamani. Nilipoweka mpya, IP ni ileile lakini MAC ni nyingine. Kile kifaa hakikujua, kikaendelea kuupeleka mzigo kwa marehemu. Vifaa vya Cisco, visipoguswa, hukaa na maandishi hayo sekunde 14,400. Gawanya mwenyewe.

Ruta nyingi zikiwashwa hutoa tangazo ambalo hakuna aliyeliomba: "jamani, mwenye anwani hii ni mimi, MAC yangu hii," na majedwali yanajirekebisha. Nyingine hazitoi, au linapotea njiani. Ninyi fanyeni moja kati ya haya: mpigieni mtoa huduma awafutie jedwali upande wake, au ingieni kwenye ruta mpya mkaiandikie MAC ya ile ya zamani, karibu zote zina sehemu hiyo. Au wekeni mpya jioni, mkalale.

*Mama Fundi, shikamoo. Nasimamia hosteli Makulu, vijana 60, waifai moja. Usiku intaneti inakufa kwa wote isipokuwa chumba kimoja. Nimesikia kuna programu ya simu ya "kukata" wenzako. Inawezekanaje wakati nenosiri la ruta ninalo mimi peke yangu? – Msimamizi, Makulu*

Marahaba. Inawezekana, na wala hahitaji nenosiri lako la ruta. Anahitaji lile la waifai tu, ambalo umempa.

Rudi kwa konda. Hakuna anayeulizwa kitambulisho. Simu ya huyo kijana inawanong'oneza wenzake wote: "mwenye 192.168.1.1, yaani ruta, ni mimi, MAC yangu hii." Wanaandika. Halafu inaiambia na ruta: "mwenye .35 ni mimi, .36 ni mimi, .37 ni mimi." Nayo inaandika. Toka hapo mizigo ya vijana 59 inapitia kwake, na yeye anaitupa. Angetaka angeipitisha huku akiichungulia. Tovuti zenye alama ya kufuli angeona anakokwenda mtu, si anachoandika.

Utauliza, mbona wanamwamini wakati hawakuuliza? Hapa inabidi nirudi kwenye ule waraka wa 1982, maana watu wanadhani wadukuzi walivunja kitu. Hawajavunja. Waraka unasema kifaa kikipokea ujumbe wa ARP, kitazame kwanza: huyu anayesema, IP yake ninayo tayari kwenye jedwali? Kama ninayo, nibadilishe MAC iwe hii mpya. Ndipo kitazame kama ujumbe ulikuwa wake. Na cha mwisho kabisa ndipo kitazame kama lilikuwa swali au jibu. Yaani kinaandika kwanza, kinauliza baadaye. Mwaka 1982 mtandao ulikuwa wa maabara, watu wanajuana, na utaratibu huo uliwasaidia kadi ikibadilishwa. Mimi simlaumu Plummer. Nawalaumu wauza vifaa ambao miaka 40 baadaye wanatuuzia ruta za hosteli zenye imani ileile ya kijijini.

Kumnasa ni rahisi. Usiku intaneti ikifa, chukua laptopu ya chumba kilichokatiwa, andika arp -a. MAC ya ruta unayo kwenye kibandiko cha chini yake. Baadhi ya ruta hutofautisha tarakimu moja ya mwisho, hiyo isikushtue. Ukikuta mbele ya 192.168.1.1 kuna MAC nyingine kabisa, na MAC hiyohiyo iko mbele ya anwani nyingine chini yake, huyo wa chini ndiye. Piga picha kioo kabla hujagonga mlango.

Kumzuia: washa kizuizi cha wateja kuonana kwenye waifai. Vijana hawahitaji kuonana kimtandao, wanaonana kwenye korido. Kama bajeti ipo, nunua swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya, yenye ukaguzi wa ARP. Inaandika ruta ilimpa nani anwani gani, na akijitokeza mtu kudai isiyo yake inautupa ujumbe mlangoni. Na kijana mwambie kwa upole kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inauhesabu mchezo wake kuwa kosa. Mara nyingi hilo linatosha kabla hujanunua chochote.

Za haraka haraka.

*Nimemfungia jirani kwa MAC kwenye ruta, wiki ikapita, amerudi. (Kisasa)* Pengine amebonyeza sehemu ya anwani binafsi kwenye simu; amepata MAC nyingine. Android zinajitungia MAC tangu toleo la 10 la mwaka 2019, iPhone tangu iOS 14 ya 2020. Badilisha nenosiri la waifai. Na ujue aliyempa ni nani, nahisi analala humo ndani kwako.

*Kamera yangu haijibu ping. Imekufa? (Kongwa)* Ipigie ping, ile amri ya kuuliza "upo?", hata kama haijibu, kisha arp -a hapohapo. MAC yake ikitokea, iko hai, inakataa ping tu. Kuikataa ARP haiwezi, ingepotea yenyewe. Na ukiona jibu la "hafikiki" linatoka kwenye anwani ya kompyuta yako mwenyewe, maana yake iliita na hakuna aliyeitika. Hapo kagua waya, au panya.

*Ni kweli IPv6 haina ARP? (Singida)* Kweli. Huko kwenye IPv6, yaani mfumo mpya wa anwani za IP, kazi hiyo inafanywa na ugunduzi wa majirani, RFC 4861 ya mwaka 2007. Badala ya kuiita stendi nzima, inaita kikundi kinachotokana na biti 24 za mwisho za anwani, kwa hiyo wanaogeuka ni mmoja au wawili. Uongo wa Makulu lakini unawezekana hata huko.

*Nikifomati kompyuta, MAC inabadilika? (Chamwino)* Hapana. Ukibadilisha kadi ya mtandao, ndiyo.

Na wewe wa Bahi, picha ya kibandiko cha ruta uliyonitumia imekatwa nusu, naona tarakimu saba tu. Nitumie nyingine, kibandiko kizima, na ukifute vumbi kwanza.